Mjusi wa ukutani abaki ukutani

Kuna neno limeanza kuzunguka kati ya vijana wetu, na tunaona afazali kulisema sasa mbele halijawa jambo la hasara. Vijana wanaona video ndani ya simu: mzungu ana sanduku la kioo, na ndani ya sanduku amefuga mjusi. Si mjusi wa ajabu, ni ule ule wa nyumba anaetembea juu ya kuta zetu kila jioni taa ikiwaka. Video ingine inaonyesha mtu anamchukua mjusi kama huyo na kumpa nyoka wake ale. Halafu kijana anageuka na kuuliza: "Kumbe iyi mijusi njo feza? Na siye tuko nayo mingi hapa, tena ya bure!" Wengine wanapiga hesabu mbali zaidi. Baba akishuka toka Misisi ao Lubichako na kazahabu kadogo, anunue mbao na wavu, tufuge, tuzalishe, mnunuzi atatokea.

Jibu letu ni hapana. Hatulitoi juu ya kuzarau akili ya vijana, maana kutafuta kazi ingine isiyokuwa ya shimo ni akili nzuri, na wamama wa Mboko ndio wa kwanza kuiombea. Tunalitoa juu ya feza ya shimo. Feza hiyo tunaijua inatoka wapi. Inatoka kwa mtu aliyeshuka chini ya udongo na tochi kichwani, na hakuna anaetaka kuiona imekufa ndani ya sanduku la mijusi.

Tukubali kwanza kile kilicho kweli. Ni kweli Ulaya na Marekani watu wanamfuga mjusi wa nyumba. Wengine wanamfuga kwa kumtazama tu, sawa vile mtu anafuga njiwa. Wengine wanamnunua kama chakula cha nyoka. Nyoka wanaofugwa kule wengi wanakula panya, lakini kuna wale, sana sana wadogo waliotoka juzi ndani ya yai, ambao wanakataa panya kabisa, maana porini wamezoea kula mijusi na vyura. Basi mwenye nyoka ananunua mijusi. Ao ananunua mjusi mmoja tu, anamsugua juu ya mwili wa kapanya kadogo, ili harufu imdanganye nyoka naye ameze. Hapa kwetu nyoka akiingia nyumbani tunaita majirani waje na fimbo. Kule wanamhangaikia chakula. Kila inchi na mambo yake.

Lakini bei? Hapo ndipo hadisi inaishia. Katika maduka ya wanyama kule, mjusi wa nyumba ni kati ya wanyama wa bei ya chini kuliko wote wanaotambaa. Ni dola chache tu, tena hiyo ni bei ya dukani, nyuma ya kila mtu wa njiani kuchukua fungu lake. Na bei iko chini kwa sababu rahisi: wengi wa mijusi hao hawakuzalishwa na mtu. Walikamatwa tu, kwa mikono, usiku, ku kuta za inchi za joto za Asia, ambako wanapatikana kwa wingi sawa vile hapa. Mtu anaemkamata hakumlisha hata siku moja. Sasa wewe unaemfuga miezi na miezi utauza bei gani mbele yake? Ndiyo maana hata wazungu wenyewe, wenye umeme usiku na mchana, ni wachache wanaojisumbua kumzalisha huyu kwa biashara.

Na kumzalisha si kazi ndogo vile inaonekana. Jike la mjusi wa nyumba linataga mayai mawili. Mawili tu kwa mara moja, hata kama linarudia mara kadhaa kwa mwaka. Mayai hayo yanakaa miezi miwili hivi mbele ya kupasuka, kufuatana na joto. Mtoto akitoka ni mdogo kama njiti ya kiberiti, na mkubwa akimkuta anaweza kumla, hata kama ni mzazi wake. Kwa hiyo unahitaji sanduku la wakubwa, sanduku la mayai, sanduku la wadogo. Madume mawili ukiwafungia pamoja wanapigana. Tena mjusi hali ugali. Hali mabaki ya chakula. Anataka mdudu anaecheza, anaetembea, kila siku: nzige wadogo, mende, nondo, mchwa. Ili ufuge mijusi lazima ufuge wadudu kwanza, yaani una mifugo miwili kwa bei ya mmoja. Kuku wa mama yeyote hapa Mboko anakaa juu ya mayai kumi na anajitafutia chakula mwenyewe uwanjani.

Pimeni na uzito, maana wachimbaji ni watu wa mizani. Mjusi wetu mkubwa, na mkia wake, ana urefu wa vidole viwili vya mkono ukiviunga, na uzito wa gramu chache tu. Mijusi mia moja utawapata kama nusu kilo. Sasa hiyo nusu kilo yenye kupumua uitoe Mboko, uipitishe barabara ya Uvira tunayoijua sisi wote vile inavyokuwa wakati wa mvua, uifikishe mahali pa ndege, na ifike Ulaya ingali hai. Kichele kimoja cha zahabu kinasafiri ndani ya mfuko wa shati na hakifi njiani.

Kuna kitu kingine watu hawajui, na sisi kilituchekesha tuliposoma. Mjusi wa nyumba wa Afrika, ule wataalamu wanamwita Hemidactylus mabouia, alipewa jina hilo la pili kule visiwa vya Karibi, mwaka 1818, na mtu aliyemkuta huko. Wengi wa waliomchunguza wanaona kwamba alivuka bahari ndani ya meli, na wengine wanataja meli zilizobeba watumwa toka Afrika. Leo anatembea ku kuta za Brazili, za visiwa vile vyote, hata za Florida kule Marekani, bila mtu kumlipia tiketi. Kwa hiyo Mmarekani wa Florida anaetaka mjusi wa Afrika kwa nyoka wake anatoka tu inje ya nyumba yake na tochi. Atamuagiza Mboko kwa nini?

Na bei kubwa kubwa ambazo vijana wanazisikia? Zinatoka kwa mjusi mwingine kabisa. Kule Asia kuna mjusi anaitwa tokei, mkubwa, wa madoa mekundu, anafika urefu wa sentimeta 35. Zaidi ya miaka kumi iliyopita uvumi ulienea kule kwamba mjusi huyo anaponyesha SIDA, na kwamba mwenye kumpata mzito sana atalipwa feza za kutisha. Katika mwaka 2011 wizara ya afya ya Filipino ililazimika kusema wazi kwamba hakuna dawa yoyote kama hiyo na watu waache kuharibu matibabu yao. Uzito wenyewe uliotajwa karibu hakuna tokei anaeufikia. Hiyo ndiyo tabia ya uvumi wa namna hii: bei iko juu, lakini sharti liko juu kuliko bei. Wachimbaji wetu wanazijua hadisi za namna hii, za zebaki nyekundu na za mawe ya radi. Mwaka 2019 tokei aliingizwa ndani ya orodha ya CITES, mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, maana alikuwa amekamatwa kupita kiasi.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi, ni hasara ndogo, kijana ajaribu, akishindwa atajifunza. Tungekubali, kama hatari ingekuwa ni mbao na wavu tu. Lakini anaefungua mlango kwa mnunuzi wa mijusi hatamuona mnunuzi wa mjusi wa nyumba. Atamuona mtu mwingine, anaetaka vitu vingine.

Tutazame ng'ambo ya ziwa, Tanzania, upande wa Morogoro. Kuna msitu mdogo unaitwa Kimboza, wa hekta mia nne hivi, ambao mtu anauzunguka kwa siku moja. Ndani yake anaishi kamjusi kadogo ambako dume lake ni la buluu kali kama nguo ya kitenge kipya. Jina la wataalamu ni Lygodactylus williamsi, na mbali ya eneo lile hapatikani popote duniani. Wafugaji wa Ulaya wakampenda. Kundi moja tu la wakamataji, toka Desemba 2004 mpaka Julai 2009, lilitoa mule si chini ya mijusi 32,000. Mjusi huyo anakaa ndani ya mikadi, ile miti yenye majani marefu yenye miiba kama ya nanasi. Ili kumpata juu kule walikata mti wenyewe, kwa hiyo hata aliyebaki alikosa nyumba. Mwaka 2012 akaandikwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kumalizika. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES kule Johannesburg, biashara ya kimataifa ya mijusi wa porini hao ikafungwa, na mwaka huo huo Tanzania ikasimamisha kupeleka inje wanyama wa pori walio hai.

Na leo? Leo mjusi wa buluu anazalishwa ndani ya masanduku ya Ulaya. Wanauziana wao kwa wao. Waliobeba ngazi na panga Kimboza hawana fungu katika biashara ile, na msitu wao una mikadi iliyokatwa.

Sisi wa pwani ya Tanganyika hatuhitaji hata kuvuka maji kwa kuelewa jambo hili. Ziwa letu lina samaki wadogo wa rangi wanaoishi kati ya mawe, ambao hatuwali sana maana ni wadogo. Toka miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa anawatuma Ulaya toka Bujumbura. Hata leo wafugaji wa Ujerumani wanawaita samaki wale kwa majina ya pwani yetu, wanasema Pemba, wanasema Kiriza, wanasema Ubwari, sawa vile mtu anataja ndugu zake. Watu wa Pemba hawajui kama jina la kijiji chao limeandikwa ku vioo vya maduka kule. Wengi wa samaki hao sasa wanazaliwa kule kule, watoto wa watoto wa wale waliotolewa hapa. Nani aliandika karatasi ya kusema kila samaki akizaliwa, kitu kidogo kirudi ziwani? Hakuna.

Mchimbaji anaesoma maneno haya tayari ameelewa, maana ni hesabu ya zahabu. Kuna bei ya shimoni, kuna bei ya Misisi, kuna bei ya Bujumbura, kuna bei ya Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaandika kila mara, miaka na miaka, vile zahabu ya Kivu inavuka mipaka kwa siri kuelekea Emirati. Lakini zahabu angalau haizai. Kipande ukikiuza leo, kesho mnunuzi atarudi kukutafuta juu anahitaji kingine. Mnyama aliye hai anazaa. Mnunuzi wa mnyama anakuhitaji mara moja tu.

Ndiyo maana tunaogopa yule mtu atakaekuja na mabakuli na mifuko ya kitambaa. Atasema anatafuta mijusi. Siku ya pili atauliza kama vijana wanaweza kupanda milimani. Juu kule, nyuma yetu, kuna Itombwe, na mule mna vinyonga ambao wafugaji wa ng'ambo wanawatamani kuliko mjusi yeyote wa nyumba, pamoja na yule mwenye pembe tatu usoni ambaye wazee wengi hawataki hata kumgusa. Mjusi wa nyumba hayumo ndani ya orodha ya CITES. Vinyonga wa kwetu wamo, na chatu yumo, na Kongo iko ndani ya mapatano hayo toka mwaka 1976. Tena tuna sheria yetu wenyewe juu ya kulinda viumbe, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kijana akikamatwa na gunia la vinyonga, mwenye mabakuli hatakuwepo. Simu yake itakuwa imezimwa. Atakaeuza mbuzi kwa kulipa faini ni mama yake.

Jambo la pili linatutisha zaidi, na hili wazungu wa video hawalijui kabisa.

Hapa kwetu mjusi ana jina baya. Watu wengi wanaamini ana sumu: akianguka ndani ya sufuria, chakula kinaua, akikojoa juu ya mtu, ngozi inaoza, na kwamba wachawi wanamkausha na kumsaga kwa kutengeneza ile sumu ambayo Bukavu wanaiita karuho. Waislamu wa Baraka na wa Kigoma nao wanaijua hadisi ya mjusi aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu uwake zaidi, na toka hapo watu wa pwani wakamwita mjusi kafiri. Wakristo wana Mithali sura ya 30, ambamo kwa tafsiri nyingi mjusi anahesabiwa kati ya viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi, lakini hatujasikia mhubiri mwingi akikaa pale.

Sasa fikiri mama mjane wa mchimbaji, anaishi peke yake na watoto, na mtoto wake amejaza chupa za mijusi nyuma ya nyumba kwa "biashara". Jirani anagonjwa. Mtoto wa jirani anakufa kwa homa, maana homa haikosi hapa. Nani ataulizwa wa kwanza? Hatusemi maneno ya kuota. Mwezi wa tisa wa mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wanane waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa moto, ndani ya mwezi mmoja. Hiyo ni jimbo letu hili hili la Kivu ya Kusini. Hakuna aliyehitaji ushahidi. Neno la mtu mmoja lilitosha. Chupa ya mijusi ndani ya kijiji chenye hasira ni kitu kinachoweza kuua mtu, hata kama mjusi mwenyewe hawezi kuua hata panya.

Maana tuseme na hilo wazi: mjusi wa nyumba hana sumu. Mate yake si sumu, mkojo wake si sumu, nyongo yake si sumu. Mijusi wenye sumu ya kumdhuru mtu ni wachache sana duniani, na wanaojulikana zaidi wako mbali, Marekani na Mexico. Huyu wetu meno yake hayapiti hata ngozi ya mkono wa mchimbaji. Kile alichonacho ni uchafu, sawa vile mende na nzi wana uchafu: ndani ya mavi yake mnaweza kuwa vijidudu vya kuharisha, vile munganga anaviita salmonela. Kwa hiyo funika sufuria. Funika maji. Chakula alichofia ndani kitupwe, na mtoto aliyemshika anawe mikono na sabuni mbele ya kula. Lakini akitapika mtu aliyekula, mpelekeni kituo cha afya, musimtafute mama wa kumshitaki. Chakula kilicholala, na maji ya ziwa yasiyochemshwa, vinaua watu wengi huku pwani bila mjusi yeyote kupita karibu.

Faida ya mjusi, basi, iko wapi? Iko pale pale alipo. Jioni ukiwasha taa ya jua, wadudu wanakuja, naye anakuja nyuma yao. Anakula nondo, mende wadogo, buibui, kumbikumbi wakati wao, na anakula mbu. Hakuna mshahara, hakuna dawa ya kupuliza ya kununua. Anapanda kioo na dari bila gundi: chini ya vidole vyake kuna vinywele vidogo sana, maelfu na maelfu, vinavyoshika ukuta kwa ukaribu tu. Hana kope za kufunga. Akitaka kusafisha jicho analilamba na ulimi. Paka akimshika mkia anauacha unacheza peke yake chini, anakimbia, na baadaye mkia mwingine unaota. Watoto wanaompiga mawe wangeambiwa mambo haya shuleni, pengine mikono ingepungua nguvu.

Hatusemi mjusi ni dawa ya malaria. Hapana, na anaesema hivyo anadanganya. Kongo ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa watu wanaouawa na malaria. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku mkubwa watu wakiwa wamelala, mbali ya taa, na mjusi hawezi kuwamaliza. Chandarua kinabaki chandarua, si wavu wa kuvulia ndagala, si kitambaa cha kufungia kuku. Na kwa wale walio juu kwenye machimbo: mashimo yaliyoachwa na kujaa maji ya mvua ndiyo yanazalisha mbu wenu, tena ndani ya vibanda vya shitingi hakuna ukuta wa mjusi kukaa. Yule aliye huko bila chandarua anajilisha mwenyewe kwa mbu. PDG wa shimo anaenunua pampu ya kutoa maji anaweza pia kufukia yale mashimo ya zamani. Ni kazi ya siku mbili kwa watu kumi.

Kama kuna feza ndogo ya kuweka ndani ya mnyama mdogo, mnyama yuko, tena tunamjua: simbilisi, ambaye wengine wanamwita kobai kwa kufuata Kifaransa. Anakula majani ya bure na maganda ya jikoni. Anazaa mara kadhaa kwa mwaka, wawili, watatu, hata wanne. Analiwa, anauzwa sokoni siku ile ile, hakuna haja ya ndege wala ya mzungu. Na kwa inchi yetu hii ana sifa ambayo ng'ombe hana: siku ya kukimbia, mama anawaweka ndani ya kikapu, anafunika na kitenge, anaenda nao. Wangapi hapa walipoteza mbuzi na ng'ombe wakati wa vita na wakabaki na simbilisi tu? Vijana wenye akili ya kufuga waanzie hapo. Masanduku ya mbao waliyotaka kutengeneza yatawafaa vizuri zaidi.

Kwa wazazi ambao mtoto wao anataka tu kufuga mjusi kwa kumpenda, bila habari ya kuuza, hatuna neno baya. Amtie ndani ya chupa kubwa ya kioo, kifuniko chenye matundu, ndani aweke kijiti na kitambaa chenye maji kidogo, maana mjusi anakunywa kwa kulamba matone. Amtilie wadudu wawili watatu walio hai kila jioni. Asimshike mkia. Amtazame vidole chini ya kioo, amsikilize usiku akilia tik-tik-tik, na nyuma ya siku mbili amrudishe pale alipomtoa, ku ukuta ule ule. Majirani waitwe watazame pia, mchana, mlango wazi, ili asiwepo wa kusema mule nyumbani kuna kitu kinafichwa.

Na mukikuta nyuma ya kabati, ao ndani ya tundu la mlango, mayai mawili meupe, ya mviringo, magumu, madogo kama punje ya harage, si ya nyoka na si kitu kilichotegwa na mtu. Yaacheni hapo, nyuma ya miezi miwili hivi mtakuta maganda tu.